Arusha na Moshi: watoto wasioona wanasomeshwa kwa masikio huku mashine za Perkins zimefungiwa stoo!

Wakuu, salaam. Tumenyamaza vya kutosha.

Mtoto asiyeona anaandikishwa darasa la kwanza, jina linaingia kwenye takwimu, kisha miaka miwili ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) inapita akiwa msikilizaji tu. Anakariri alichosomewa, anajibu kwa mdomo, wageni wakija wanaambiwa ana akili sana. Anazo, ndiyo. Kusoma ndiko hajui! Anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, wala wapi moja linaishia na jingine linaanza. Upimaji wa darasa la nne ukifika anawekewa karatasi ya nukta nundu (maandishi ya kupapasa, kila herufi ni mpangilio wa nukta kati ya sita), vidole vinakwama mstari wa pili, halafu mtoto anaitwa mzito.

Tuanze na mashine za Perkins, zile za kuandikia nukta nundu. Ripoti zinahesabu Perkins zilizopokelewa. Ulizeni ni ngapi zinaandika nukta zote sita. Vitufe vyake, kutoka kushoto, ni nukta ya 3, 2, 1, kisha kitufe kirefu cha nafasi, kisha 4, 5, 6. Nukta ya 3 ikikosekana peke yake, l inageuka b, k inageuka a, m inageuka c. Mtoto anaandika "lala", karatasini inatoka "baba". Mwalimu asiyejua nukta nundu vizuri anamsahihisha mtoto wakati mbovu ni mashine! Na kuipima hakuhitaji fundi: weka karatasi, bonyeza vitufe vyote sita kwa pamoja mstari mzima, pitisha kidole. Nukta iliyokosekana au iliyolala utaijua hapo hapo. Hiyo ni kazi ya dakika mbili kila Jumatatu, na haifanyiki.

Zinaharibikaje? Kwanza vumbi. Mashine inalala wazi karibu na dirisha, na vumbi la kiangazi la huku mnalijua. Ikianza kugoma, mtu anaimiminia mafuta ya cherehani. Mafuta yanashikana na vumbi yanakuwa gundi, na mashine iliyohitaji brashi laini tu sasa inabidi ifunguliwe yote. Nyingine zinaumia kwa sababu karatasi inachomolewa kwa nguvu bila kulegeza vile vishikizo viwili vya pembeni. Nyingine anabebeshwa mtoto mdogo kutoka kitengo cha wasioona cha shule hadi darasani, chuma cha karibu kilo 5, akijikwaa ndiyo basi. Mfuniko wa kitambaa fundi cherehani yeyote anaushona. Fundi mmoja wa Perkins mwenye vipuri kwa kila halmashauri angetosha kwa kuanzia, lakini mashine yenye pini moja iliyopinda inaozea stoo.

Karatasi nazo ni aibu. Watoto wanapewa za fotokopi, gramu 80. Nukta inatoboka, au inalala baada ya kusomwa mara chache. Zinatakiwa za gramu 140 na kuendelea. Zikikosekana, manila iliyokatwa kwa saizi ya A4 inafaa, na maduka ya vifaa vya ofisi mjini wanayo. Pigeni hesabu: karatasi 4 kwa siku, siku za masomo karibu 190, ni karatasi 760 kwa mtoto mmoja. Rimu moja na nusu, na inazidi. Bajeti inayoweka rimu mbili kwa kitengo kizima imeandikwa na mtu asiyetarajia watoto hao waandike chochote.

Hata mashine ikiwa nzima, kuna kosa la kuanza na herufi siku ya kwanza. Vidole huandaliwa: kutunga shanga, kuchambua maharage na mahindi, kutofautisha msasa na kitambaa. Kisha kata trei ya mayai ibaki na vishimo sita, safu mbili za vitatu vitatu, mtoto apange ndimu: kushoto juu ni 1, chini yake 2 na 3; kulia 4, 5, 6. Baadaye ndiyo mistari ya nukta sita mfululizo, aifuate kwa mikono miwili, vidole vikigusa kwa wepesi. Mwalimu anayemshika mtoto kidole na kukigandamiza juu ya nukta anakitia ganzi. Mkono wa mwalimu ukae chini, wa mtoto juu.

Sleti na stailasi, yaani kibao chenye vishimo na msumari wa kuchomea nukta kwa mkono, zisubiri. Kwenye sleti unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi usome. Mtoto ambaye bado anachanganya e na i, d na f, h na j, herufi ambazo moja ni kinyume cha mwenzake, anavurugwa kabisa. Inatangulizwa kwa sababu ni ya bei nafuu. Hiyo si sababu ya kufundishia.

Linalotuuma kuliko yote: watoto wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu na wala si vipofu, wanafundishwa nukta nundu na wanaisoma kwa macho! Pua inagusa karatasi, anatafuta vivuli vya nukta nyeupe kwenye karatasi nyeupe. Huyu alitakiwa apimwe kwanza. Idara ya macho ipo hospitali ya KCMC, Moshi hapo hapo. Apate miwani au lenzi ya mkono, maandishi ya pointi 18 hadi 24, kalamu nyeusi ya wino mzito, kiti cha mbele kinacholipa dirisha mgongo, na ruhusa ya kuvaa kofia darasani. Mitihani ya taifa inatolewa kwa maandishi makubwa. Mbona darasani kwake hayapo?

Vitabu tutafungulia uzi wake. Kwa leo hili tu: mtaala mpya ulianza 2024, na kitabu cha darasa la kwanza kimejaa picha. Ukikihamishia kwenye nukta nundu neno kwa neno, mtoto anapapasa "Tazama picha, kisha jibu". Picha gani? Zoezi libadilishwe: kitu halisi mezani, au umbo la kamba iliyogundishwa kwenye manila.

Na msituambie walimu hawaandaliwi. Chuo cha Patandi kipo Tengeru, kinafundisha elimu maalumu. Wakihitimu wanapangiwa shule zisizo na kitengo, au wanajaziwa vipindi vya madarasa ya kawaida na kitengo wanakigusa mchana, watoto wamechoka.

Wazazi na wajumbe wa kamati za shule, kikao kijacho msikubali kusomewa idadi ya mashine. Dai mstari wa nukta sita kutoka kila mashine, uwekwe mezani. Mwiteni mtoto wa darasa la pili, mpeni ukurasa ambao hajawahi kusomewa. Wathibiti ubora, nanyi vivyo hivyo. Na fundi yeyote anayeijua Perkins kati ya Arusha na Moshi ajitokeze hapa, aseme anaweza kutengeneza nini na vipuri gani vinamkwamisha.