Naomba ushauri: je, ni sahihi kuandika kwamba meli "inaambaa na pwani"?

Mwanzisha uzi
Ndugu wanajukwaa, ninafasiri mwongozo wa mabaharia. Mahali panapoelezwa meli inayofuata ukingo wa nchi kavu bila kuingia bahari kuu, niliandika kwamba meli "inaambaa na pwani". Mhariri wangu amelikata neno hilo kila lilipotokea, akisema kwamba kuambaa ni kuepuka, na kwamba msomaji atadhani meli inaikimbia pwani. Isitoshe, mwongozo una sura nzima kuhusu biashara ya meli baina ya bandari za nchi moja, nami nilikusudia kuiita "biashara ya kuambaa". Je, nilitetee neno hili au nitafute jingine?

Mchangiaji wa kwanza
Litetee, ndugu yangu. Kuambaa ni kupita kandokando ya kitu, karibu nacho, bila kukigusa. Maana hiyo imebeba mambo mawili, ukaribu na kutogusa, na mhariri wako ameshika la pili peke yake, lile linalotuwezesha kusema kwamba mtu mwenye busara huambaa na shari. Kinachoamua ni neno linalofuata: shari huepukwa, pwani hufuatwa. Tena neno mwambao limezaliwa na kitenzi hiki hiki, na anayekubali kuandika mwambao hana sababu ya kukikataa kitenzi kilicholizaa. Inaniuma kuona neno zuri la baharini likifutwa kwa sababu ya nusu ya maana yake.

Mchangiaji wa pili
Kuhusu kitenzi nakubaliana na aliyetangulia, lakini "biashara ya kuambaa" naipinga. Kuambaa hueleza njia ya chombo majini, ilhali biashara unayoitaja huelezwa na sheria, ambayo hutazama kama bandari zote mbili ni za nchi moja, wala haijali chombo kilipita umbali gani kutoka ufukoni. Jahazi litokalo Dar es Salaam kwenda Tanga laweza kuambaa mwendo wote; likienda Unguja linavuka mkondo, ingawa halijatoka Tanzania. Kinyume chake, litokalo Tanga kwenda Mombasa laweza kuambaa na pwani mpaka mwisho, nalo limekwisha kuingia nchi nyingine. Andika "usafirishaji baina ya bandari za nchi moja", na neno la kitaalamu, kabotaji, ulitaje mara moja mwanzoni mwa sura.

Mchangiaji wa tatu
Niongeze dogo: chombo huambaa, bali nahodha hukiambaza. Mwongozo unaomwelekeza nahodha utahitaji umbo hilo la pili.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru sana. Nitamrudishia mhariri "inaambaa na pwani" pamoja na hoja ya mwambao, na jina la ile sura nitalibadilisha leo. Mfano wa Tanga na Mombasa umenionyesha kosa ambalo mimi na mhariri wangu hatukuliona.