Viinitete vya muhogo vimegoma kuwa miche, nisaidieni

KijanaPongwe: Wakuu, niko Tanga. Nililaza majani machanga ya ncha za muhogo kwenye agari (chakula cha kuoteshea kilichoganda) yenye homoni ya 2,4-D, gizani. Yakatoa donge la njano, na juu yake viinitete (vianzo vidogo vya mmea) tele. Nimevihamishia mwangani, vinatoa vijani viwili vinene, basi, chipukizi halitoki. Nifanyeje? Nina haraka.

BabuMkwaju: Mwanangu, sisi twachomeka pingili, mvua ikinyesha twala. Kwangu Mkinga shida ni nguruwe tu, mwaka juzi wamefukua tuta zima...

DadaChupa: Pole babu. Kijana, hamishia kwenye chakula kisicho na 2,4-D, weka BAP kidogo, homoni ya kuchipusha. Mbegu gani? Aina ya maabara iitwayo 60444 hukubali upesi, nyingi za wakulima ni kaidi.

KijanaPongwe: Ya kawaida tu.

DadaChupa: Kawaida ipi? Na shamba mama likoje?

KijanaPongwe: Kiroba, la mjomba. Baadhi ya mihogo ukiikata ina madoa makavu ya kahawia. Lakini si ndiyo maana naotesha kwenye chupa, ugonjwa ubaki shambani? Na kikundi cha Muheza kimeshanilipa nusu ya bei ya miche.

DadaChupa: Ala! Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi wa muhogo. Kiroba huvumilia, shina linaonekana zima na virusi vimo. Kiinitete kimetoka kwenye seli za jani lilelile, chupa peke yake haikupi uhakika. Mmea hupitishwa kwenye joto, ikakatwa ncha ndogo mno ya chipukizi, kisha ukapimwa. Mtafiti Storey alieleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa Amani, hapohapo Muheza, leo uwarudishie wewe?

BiSauda: Pesa za watu rudisha, mwanangu. Dhuluma haina baraka.

HajiRaskazone: Mnahangaika na hadithi ya kutunga. Pongwe yote hii vumbi, maabara ataipata wapi? Picha iko wapi?

KijanaPongwe: Situngi, kaka. Nimeosha chupa miaka kwenye maabara ya mkonge. Nafanyia ndani ya sanduku la kioo, nafuta kwa spiriti, chakula nachemsha kwenye presha kuka. Picha naweka kesho kukikucha. Pesa zimeshaingia kwenye vifaa, siwezi kurudisha. Nikiwapa miche inayoonekana mizima?

DadaChupa: Usitoe hata mmoja. Inzi weupe watabeba virusi na kumaliza mashamba ya jirani. Waambie kikundi wasubiri, au uwanunulie pingili zilizothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu.

HajiRaskazone: Picha kwanza.