Buku tano ya kuangalia Pumzi, nimesikiliza jenereta

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, naandika nikiwa kwenye daladala na hasira haijashuka.

Nimelipa buku tano ukumbi mmoja hapa Dar (siutaji, mliokuwepo mnaujua) kuangalia Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu. Tangazo lilisema saa 12 jioni. Imeanza saa 2 kasoro robo. Filamu yenyewe dakika 20 na ushei! Nimesubiri kwenye kiti cha plastiki karibu mara tano ya urefu wake.

Haya, hilo tulimeze. Njooni kwenye sauti. Ile ni filamu ya 2009, dunia imeshapigana vita vya maji, nje hakuna mti wala jani, watu wamejifungia ndani wanachuja hadi jasho na mkojo wao ili wanywe. Maneno ni ya kuhesabu. Ule ukimya ndio filamu yenyewe! Sasa unaweka jenereta nyuma ya ukuta, mlango wazi eti joto, baa ya jirani inapiga singeli? Asha, mhusika mkuu, anausogeza puani ule udongo aliotumiwa, ukumbi mzima tulipaswa tuache hata kutafuna, mimi nasikia dududududu na mhudumu anauliza nani kaagiza chipsi mayai.

Bora wangetupandisha kwenye mashine za mazoezi tuzalishe umeme wenyewe, kama wale wa kwenye filamu.

Kilichonimaliza ni mwisho. (Samahani kwa ambao hamjaiona, ila tangu 2009 mlikuwa wapi?) Asha katembea jangwani, kapanda mche, kaumwagia maji yake, kajilaza pale aukinge na jua. MC kawasha taa! Picha haijaisha, yeye kashika maiki, "makofi kwa mdhamini wetu". Filamu iliyofika hadi Sundance, lile tamasha kubwa la filamu Marekani, wao wanaipeleka kama video ya kipaimara. Dogo mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Anko, kwani ule mti uliota?" Ikabidi nimsimulie. Yaani kiingilio nimelipa na mwisho wa filamu natoa mimi.

Nikamfuata mwandaaji. Jibu lake: "Sasa kaka, si picha ilikuwa inaonekana?"

Mwenye kujua ukumbi Dar ambao mlango wake unafungika aweke hapa. Nalipa hata elfu kumi.