Kupima mafuta: maziwa ya ng'ombe, mbuzi, soya na tui. Ninunue kifaa gani?

MwalimuKemia
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita. Vijana wangu wanataka kulinganisha mafuta kwenye maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya soya na tui la nazi. Hela iliyopo inatosha kifaa kimoja cha maana. Nawaza seti ya Gerber (butirometa, yaani chupa ya kioo yenye mistari ya kusomea mafuta, na sentrifuji yake ya kuizungusha kwa kasi), au kile kimashine cha mawimbi ya sauti kinachotumika vituo vya kukusanyia maziwa. Soxhlet, kile chombo cha kioo cha kuvuta mafuta kutoka kwenye sampuli kavu, ipo stoo, imejaa vumbi. Nipeni madini.

FundiMaabara
Kimashine achana nacho. Nimekaa kituo cha maziwa miaka minne, nakijua. Kwa ng'ombe kiko vizuri: unachovya, dakika haijaisha una mafuta, protini na hata maji yaliyochanganywa. Ila chenyewe mafuta hakiyaoni. Kinapima mwendo wa sauti ndani ya maziwa, halafu kinakadiria kwa kufuata maziwa kilichosetiwa nayo. Siku moja tulikiwekea tui kwa utani. Kikatoa majibu bila wasiwasi wowote, mpaka laktosi, sukari ya maziwa. Nazi na laktosi wapi na wapi!

Mdadisi_Moro
Laktomita je? Bei yake ya soda tu.

FundiMaabara
Hiyo inapima densiti. Mafuta yanaishusha, protini na sukari zinaipandisha. Mjanja akiengua krimu kisha akaongeza maji kidogo, inarudi palepale kama hakuna kilichotokea.

BiMaziwa
Mimi ni Gerber tu, mwalimu. Mswisi Niklaus Gerber aliileta 1891 na mpaka leo viwandani ipo. Unatangulia na tindikali ya salfuriki mililita 10, unashusha maziwa mililita 10.75 taratibu kwa ubavu wa chupa yasichanganyike kabla ya wakati, kisha alkoholi ya amili mililita 1. Ziba, tikisa. Hapo chupa inachemka yenyewe mkononi, kwa hiyo izungushie kitambaa na usiielekeze usoni kwa mtu. Kizibo kikiruka kinaruka na tindikali. Miwani na glavu si mapambo. Dakika 5 kwenye sentrifuji, dakika 5 kwenye maji ya nyuzi 65, halafu unasoma. Tindikali imeshayeyusha protini, mafuta yamepanda shingoni yakiwa ya njano, yanang'aa. Mwanafunzi anayaona kwa macho yake. Ng'ombe wa kisasa utapata asilimia 3.5 hadi 4, mbuzi humo humo au juu kidogo.

Tui zito usilitie hivyo hivyo kwenye butirometa ya 0 hadi 7, litapita mstari wa mwisho. Chukua gramu 20 za tui, ongeza maji gramu 80, ukisoma zidisha kwa 5.

Soya_na_Mihogo
Samahani Bi mkubwa, hapo kwenye mimea nakupinga. Nimejaribu Gerber kwa soya ya pakiti. Ilikuwa na sukari, na tindikali ile inaunguza sukari. Nilipotoa kwenye sentrifuji kulikuwa na tope jeusi kama masizi ya sufuria, limekaa hasa pale mafuta yanapoanzia. Unasomea wapi? Halafu mistari ya butirometa imechorwa kwa mafuta ya maziwa: asilimia 1 ni ujazo wa mililita 0.125, kwa hesabu ya densiti ya siagi. Mafuta ya soya ni mengine.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, vyote vipite njia moja, na njia hiyo ni Röse-Gottlieb. Sampuli gramu 10, amonia ya kulegeza protini, ethanoli ili isigande kama uji, kisha unavuta mafuta kwa etha na petroli nyepesi, mara tatu. Unavukiza, unakausha kwenye oveni ya nyuzi 102, unapima kwa mizani. Hapo hukisii, unapima gramu za mafuta yenyewe. Vyombo ni vya kioo tu. Gharama iko kwenye mizani ya desimali nne.

BiMaziwa
Etha na watoto wa shule? Mvuke wake unatambaa mezani mpaka kwenye moto wa mbali. Maabara nyingi za shule hata feni ya kutoa hewa hazina.

Soya_na_Mihogo
Kweli. Afanye mwalimu mwenyewe, madirisha wazi, bila moto wowote chumbani, avukizie kwenye maji moto yaliyochemshwa nje.

MwalimuKemia
Mizani tunayo. Na Soxhlet?

Soya_na_Mihogo
Franz von Soxhlet mwenyewe aliibuni 1879 kwa ajili ya mafuta ya maziwa, ila maziwa lazima uyakaushe kwanza. Yakikauka, protini na sukari vinayafungia mafuta ndani na unapata pungufu. Dawa yake ni kuchemsha sampuli na tindikali ya hidrokloriki, uchuje, ukaushe karatasi ya chujio, ndipo uitie Soxhlet. Siku mkiongeza maziwa ya shayiri, yenye wanga, mtaihitaji.

MwalimuKemia
Nimeamua. Gerber nanunua, wanafunzi wapime ng'ombe na mbuzi kwa mikono yao. Röse-Gottlieb nafanya mimi kwa sampuli zote nne, na jedwali la kulinganisha litatoka huko. Tui nikamue kwa maji ya moto au baridi?

BiMaziwa
Uvuguvugu, na upime kabla halijajitenga. Likikaa, koroga upya ndipo uchote. Andika nazi ngapi na maji kiasi gani, la sivyo utakuwa umewapima wakamuaji.

MwalimuKemia
Nazi moja, maji mililita 300. Nimeandika.