Sikukuu zinakuja na nimeacha pombe, mnavukaje hiki kipindi?

Asubuhi_Njema:
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja. Mwaka huu niliacha pombe na namshukuru Mungu mpaka saivi sijagusa, usingizi umerudi, tumbo limetulia, hata uso watu wananiambia umebadilika. Siku za kawaida sipati shida sana manake nina utaratibu wangu, nikitoka kazini napita njia nyingine, jioni natembea kwa mguu kama saa nzima hivi, nakula mapema, nalala. Kinachonitisha ni hizi sikukuu za mwisho wa mwaka. Ukoo mzima tunakutana, kila meza ina chupa, wajomba washaanza kuulizana nani analeta nini, na mimi kwetu ndo nilikuwa mtu wa kufungua chupa ya kwanza, yaani ilikuwa kama kazi yangu. Najua kabisa kuna mtu atanishikisha glasi hata kabla sijakaa. Siku ya kwanza siiogopi, naogopa ile siku ya tatu, umechoka, umekula hovyo, hujalala, kelele, watu wanacheka afu we umekaa na soda unajiona mgeni nyumbani kwenu. Sitaki kuwakimbia ndugu zangu, nawapenda. Mliovuka hiki kipindi bila kunywa naomba mniambie mlifanya nini hasa, msiniambie tu niwe na msimamo, msimamo ninao, nataka vitu vya kufanya.

kaka_mkubwa:
Hongera sana mdogo wangu. Hiyo siku ya tatu uliyoitaja ndo penyewe. Wengi wanajiandaa kwa ile pati wanasahau kwamba kinachoangusha watu ni ratiba kuvunjika. Kutembea jioni, kula mapema, kulala, hiyo ndo dawa yako, na wageni wakija ndo kitu cha kwanza kuachwa. Usiache. Kama jioni kutakuwa na watu basi tembea alfajiri kabla nyumba haijaamka, hata nusu saa, ila itembee.

Vile vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanza Marekani mwaka 1935 vina kitu wanafundishana mpaka leo, hamu ikikubana jiulize kwanza una njaa, una hasira, uko mpweke au umechoka? Sasa angalia sikukuu zilivyo, yote manne yanakuja siku moja. Chakula kinachelewa, kuna ndugu mmoja lazima akukere, usiku hamlali, na unaweza kuwa katikati ya watu arobaini ukawa mpweke kuliko ukiwa peke yako chumbani. Mimi nakula kabla sijaenda popote, nakula nishibe kabisa, manake mtu mwenye njaa akinusa pombe mwili unamdanganya kwamba anataka kinywaji kumbe anataka chakula.

Kuhusu glasi, hili shika sana. Ukifika, kabla hujamaliza kusalimia watu, jaza glasi yako mwenyewe, maji, barafu, kipande cha limao, ishike mkononi. Mtu mwenye glasi iliyojaa ni nadra kuulizwa anakunywa nini. Ikibaki robo ijaze mwenyewe, usimpe mtu akujazie, na ukiiacha mezani ukaenda chooni basi hiyo ishakufa, chukua nyingine. Na mtu akikukaribisha jibu ni "hapana, asante, situmii" basi, geuza mazungumzo muulize habari za watoto. Usianze kueleza kwa nini, ukieleza umefungua mjadala na mtu aliyekwisha kulewa ana usiku mzima wa kujadili.

Hamu yenyewe ikija usishindane nayo. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alichunguza sana watu wanaoacha ulevi na kurudia, yeye alifundisha uitazame kama wimbi, inapanda, inafika juu, inashuka yenyewe, na mara nyingi nusu saa haiishi imeshapoa. Mimi inaanzia kwenye taya, mate yanajaa mdomoni, mabega yanapanda yanakaza. Nikishaona hivyo naamka naenda jikoni kuosha vyombo. Sitanii, mikono yote miwili ina sabuni hakuna wa kukushikisha glasi, huko jikoni kuna watu wasiokunywa unapiga nao stori, na ukimaliza lile sinia kubwa la mwisho hamu ishapita hujui hata imepita saa ngapi.

NesiWaZamu:
Naomba niongezee kwa wale wanaosoma kimyakimya. Mleta mada ameshaacha siku nyingi, yeye yuko salama upande huu. Ila kila mwaka kuna mtu anayekunywa kila siku, tena nyingi, anaamua sikukuu hii naacha ghafla kwa ajili ya familia. Nia nzuri kabisa lakini tafadhali onana na daktari kwanza. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, hii inaweza kuanza masaa 6 tu baada ya glasi ya mwisho, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku 2, na kati ya siku ya 2 na ya 4 kuna wanaochanganyikiwa wakaona vitu ambavyo havipo. Hiyo inaua. Ukiona mtu yuko hivyo ni hospitali, usimpe "kidogo tu azimue" ukamlaza chumbani. Arosto ya pombe sio ya kuvumilia kiume.

Na kwa wale wanaosema sikukuu ni mara moja kwa mwaka haina madhara, mwaka 1978 madaktari Marekani walieleza watu ambao moyo ulikuwa unapiga ovyo ovyo baada ya kunywa sana wikiendi na sikukuu, baadhi yao hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana kabla, wakauita moyo wa sikukuu. Ukisikia moyo unaruka ruka, kizunguzungu, pumzi inakata, usisubiri sikukuu iishe.

Dawa za kusaidia pia zipo, naltreksoni inapunguza hamu, disulfiramu inafanya ukinywa mwili ukatae, uso unawaka, unatapika, moyo unakimbia. Zinatolewa na daktari baada ya kukupima. Naomba sana msimwekee mtu disulfiramu kwenye chakula bila yeye kujua, nimeona familia inafanya hivyo kwa upendo kabisa, ila mtu huyo akinywa bila kujua anaweza kuzidiwa vibaya sana, na hata akiiacha dawa inaweza kubaki mwilini mpaka wiki 2.

binti_wa_pili:
Asanteni, na mimi nafuatilia. Vipi zile bia zisizo na kilevi? Rafiki yangu ananiambia ndo suluhisho, unashika chupa unafanana na wenzako, hakuna anayekusumbua.

kaka_mkubwa:
@binti_wa_pili mi sikushauri, hasa mwaka wa kwanza. Nyingi bado zinaruhusiwa kuwa na kilevi mpaka asilimia 0.5, ni kidogo sana hakulewi, ila shida yangu haiko hapo. Ni ile harufu, ule mlio wa kizibo, povu, chupa ya baridi mkononi, vyote hivyo ubongo ulishavifunga pamoja na pombe miaka na miaka, unaukumbusha jambo unalotaka ulisahau. Najua kuna watu zimewasaidia, siwapingi. Ila kama ukishaimaliza unajikuta unaangalia ile ya kweli iliyo mezani, umeshapata jibu lako.

MamaWawili:
Mimi mume wangu ndo aliacha, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa pili. Mdogo wangu, usiende peke yako na hiyo siri. Chagua mtu mmoja tu kwenye ukoo, asiwe mropokaji, mwambie mapema kabla hamjakutana kwamba sinywi na naomba unisaidie. Kwetu alikuwa shangazi yake. Kila mtu akianza "aa wewe umekuwaje, kunywa bana" shangazi anamwita, njoo unisaidie kubeba viti. Viti vyenyewe havikuwa na shida yoyote hahaha ila mume wangu anatoka pale mezani bila maneno wala kununiana na mtu.

La pili mkubaliane saa ya kuondoka mkiwa bado nyumbani, sio mkiwa kwenye kelele. Kuna muda kwenye kila sherehe maneno yanaanza kurudiwa, mtu anakusimulia stori ileile mara ya pili anakushika bega, hapo hakuna tena kitu kizuri kitakachokuja, ondokeni. Na funguo za gari azishike yule asiyekunywa, mume wangu siku hizi ndo anawarudisha wenzake makwao, na nimeona hiyo imemrudishia heshima aliyokuwa anaitafuta kwenye chupa.

Na wenyeji jamani, nawaomba. Mtu akisema hatumii usiulize mara mbili. Usimuulize kama anaumwa, usimuulize mbele za watu kama ana mimba, usimwambie moja haidhuru, kwa huyo moja inadhuru sana. Weka maji ya baridi na juisi mezani palepale na vinywaji vingine, sio mpaka mtu aombe kama anaomba msaada. Tulishawahi kualikwa sehemu mume wangu akazunguka muda mrefu anatafuta tu maji ya kunywa, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwenye bia.

Asubuhi_Njema:
Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Dada nesi hilo la kifafa sikulijua kabisa, nina binamu anakunywa kila siku na alisema na yeye anaacha sikukuu hii, nimeshampigia nimwambie twende kwanza kwa daktari, amekubali kwa shingo upande ila amekubali. Mama, shangazi sina lakini nina dada yangu, leo jioni namwambia. Kutembea nitahamishia alfajiri kama kaka alivyosema. Kimebaki kitu kimoja, mkesha wa mwaka mpya. Ile saa sita usiku watu wanainua glasi, kila mtu anatazama una nini mkononi. Hapo mnafanyaje? Nilale tu?

NesiWaZamu:
Kulala ni jibu zuri kuliko watu wanavyofikiri. Hakuna sheria inayosema lazima uwe macho. Na huyo binamu usimwache aende kwa daktari peke yake, watu wanaishia njiani.

kaka_mkubwa:
Ukitaka kuwepo, kuwepo. Lala mchana masaa mawili, kula saa mbili usiku, fika saa tano na nusu sio saa moja, saa sita inua glasi yako ya maji kumbatia watu wako, saa saba uko kitandani. Watu wanatazama mkono dakika moja tu, baada ya hapo kila mtu yuko na simu yake. Mimi usiku ule kuanzia saa nne mpaka saa nane nitakuwa hewani, ukibanwa andika hapa hapa hata neno moja, nami nikibanwa naandika. @binti_wa_pili na wewe pia.