Naomba ushauri: kifuniko cha kisahani cha majivu ya sigara kinachoingia kwenye saizi tofauti

Wakuu, salaam. Nataka kubuni kifuniko rahisi cha kisahani cha majivu, kisichofungwa na saizi moja. Visahani vingi viko wazi: upepo ukivuma kidogo majivu yako mezani, mvua ikinyesha ni tope jeusi, na harufu ya vipisi haiishi.

Wazo langu ni bati jembamba la alumini lenye kishikio katikati, na chini yake miguu mitatu ya springi inayotanuka hadi ishike ukingo kwa ndani. Kwa visahani vya mviringo naona itakubali. Vya mraba ndivyo vinanitesa, pembe zinabaki wazi. Halafu kuna zile nafasi za kulazia sigara ukingoni: nikiziziba mvutaji atanuna, nikiziacha harufu inatoka.

Plastiki nimeitupa nje kabisa. Ncha ya sigara inapowaka hufika nyuzi 600 za Selsiasi na zaidi, wakati hata silikoni ya vyombo vya jikoni huvumilia kama 230 tu. Labda silikoni iwe ukanda wa pembeni, mbali na moto.

Kikiziba vizuri, kipisi kinakosa hewa na kuzimika chenyewe. Ila wavutaji nawajua, kitu cha kutumia mikono miwili hawatakifunga ng'o.

Mafundi bati na wavutaji mliomo humu: niweke bawaba ya kusukuma kwa kidole gumba, au kifuniko cha kuzungusha chenye tundu moja? Na hizo pembe za mraba mngezizibaje?