Tupeane uzoefu: kikao cha maridhiano kati ya majirani waliochomeana nyumba

Mwanzisha uzi: Wadau mnaoendesha vikao hivi, Bonde la Ufa hapa Kenya na kwingineko, leteni mbinu. Hotuba za "tusameheane tusonge mbele" tumezichoka. Mnaanzia wapi, na mambo huharibikia wapi?

Mwezeshaji Molo: Usikimbilie kikao cha pamoja. Anza upande mmoja mmoja, watu 10 hadi 12, mara tatu au nne. Vijana wakae mbali na wazee, la sivyo hawafungui mdomo. Hapo ndipo utajua kinachouma hasa. Mara nyingi si nyumba yenyewe. Ni mtu kupita kila asubuhi akiona mabati yake kwenye paa la jirani, na jirani anamsalimia kama hakuna lililotokea. Molo na Burnt Forest, zote za Bonde la Ufa, ziliwaka kwa ghasia za kikabila 1992, zikawaka tena baada ya uchaguzi wa 2007/08. Katikati watu walirudi mashambani, lakini suala la ardhi halikuguswa.

Mshauri nasaha: Mkisema "ukweli huponya", mjiulize unamponya nani. Gacaca za Rwanda, yaani mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2, na wengi walijua hatimaye wapendwa wao walitupwa wapi. Lakini utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta waliotoa ushahidi wana sonona na kiwewe zaidi kuliko wasiotoa. Sierra Leone vilevile, utafiti wa vikao vya maridhiano uliohusisha vijiji 200: kuaminiana kulipanda, afya ya akili ya watu ikashuka. Kidonda kimefunguliwa, mganga kashapanda gari.

Kwa hiyo shahidi aambiwe mapema nani atakuwepo na ataulizwa nini. Awe na mtu wake wa kuketi naye ubavuni. Ana haki ya kuishia katikati. Atembelewe kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi. Bajeti ya hayo itengwe kabla ya hema na soda.

Mzee wa baraza: "Kama kuna niliyemkosea" si kuomba radhi. Ataje alichofanya, wapi, kwa nani, na atarudisha nini. Na tafadhali, aliyeumizwa asiulizwe "umesamehe?" mbele ya mchungaji na umati. Atasema ndiyo kwa aibu, kisha ahame. "Nimekusikia" inatosha kwa siku hiyo.

Mwezeshaji Molo: Naongezea miradi ya pamoja. Josho au kioski cha maji husaidia pande zote zikiwa na kauli sawa. Ufunguo ukikaa upande mmoja, mmewapa sababu mpya ya kugombana. Afadhali chama cha kuweka akiba, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu tofauti wa pande zote: bila mwenzio halifunguki.